Kugonga, kugongana, kumeza: lugha ya uigaji wa migongano ya sayari

Msomaji wa tafsiri za habari za sayansi ya anga hukutana mara kwa mara na sentensi ya namna hii: "Sayari changa mbili ziligongana na kuungana, na sayari kubwa zaidi ikazaliwa." Kisarufi, sentensi hiyo haina dosari. Tatizo lake limo katika kiunganishi. Hicho "na" kinachotenganisha kugongana na kuungana kinachukulia kwamba jambo la pili hulifuata la kwanza kama usiku unavyoufuata mchana, ilhali wanaoiga migongano hiyo kwa kompyuta wameiacha dhana hiyo kwa takribani miaka 20 sasa. Mtafsiri asiyelijua jambo hili huirudisha dhana iliyokwisha kutupwa, tena bila kukosea hata kiambishi kimoja.

Ili kuona msamiati unavyohusika, inafaa kwanza kueleza kinachoigwa. Sayari za miamba katika mfumo wetu wa jua ni nne: Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi. (Vitabu vingine huiita ya kwanza Zebaki, kwa kuufuata mtindo wa Kiingereza ambamo sayari hiyo na metali ile ya majimaji vina jina moja. Utaridi ni jina tulilolipokea kutoka Kiarabu pamoja na Zuhura na Mirihi, na sioni sababu ya kuliacha.) Nadharia inayokubaliwa na wengi inasema kwamba katika hatua ya mwisho ya kuundwa kwa sayari hizi palikuwa na miili mingi yenye ukubwa wa kati ya Mwezi na Mirihi, ambayo njia zake zilikatana, ikakutana kwa kishindo katika kipindi cha makumi ya mamilioni ya miaka. Hakuna maabara inayoweza kurudia tukio la namna hiyo. Kilichobaki ni hesabu.

Hesabu zenyewe ni za aina mbili. Ya kwanza hufuatilia mizunguko ya miili mingi kulizunguka jua kwa mamilioni ya miaka, na kila mwili huchukuliwa kuwa kama nukta yenye tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani yake. Ya pili huchukua miili miwili tu, ikaifuatilia tangu inapogusana hadi baada ya saa 24 hivi, ikikokotoa jinsi mwamba unavyobanwa, unavyoyeyuka na kugeuka mvuke. Aina ya kwanza haina nafasi ya kuchungulia ndani ya kila mgongano. Kwa hiyo, kwa muda mrefu, watafiti walitumia kanuni rahisi: miili miwili ikikutana, huhesabiwa kuwa mmoja wenye tungamo la yote miwili. Huo ndio muungano kamili, na ndio uliojificha katika sentensi niliyoanza nayo.

Mwaka 2004 Craig Agnor na Erik Asphaug walitumia hesabu za aina ya pili kuijaribu kanuni hiyo, wakaona kwamba miili inayokaribiana kwa ukubwa haiungani katika takribani nusu ya migongano. Sababu yake si ngumu kuielewa. Ni nadra kitu kugonga kingine katikati kabisa. Pembe yenye uwezekano mkubwa kuliko zote ni ya nyuzi 45. Jiwe dogo likiigonga sayari kwa pembe hiyo, lote huishia ardhini. Lakini mwili unaokaribia sayari kwa ukubwa ukigonga kwa pembe hiyo hiyo, sehemu yake kubwa haina kitu mbele yake: hupita pembeni. Ikiwa kasi yake imezidi kidogo ile inayohitajika kuuponyoka mvutano wa miili yote miwili, huendelea na safari ukiwa umejeruhiwa.

Hapa ndipo mnyambuliko wa vitenzi vyetu unapotufaa. Kitenzi -gonga kina mtendaji na mtendwa: gari liligonga mti. Kitenzi -gongana kina watendaji wawili wanaotendana. Nomino mgongano imetokana na hicho cha pili, na kwa hiyo hubeba kutendana hata pale tusipokusudia. Hakuna asemaye kwamba Kimondo cha Mbozi, chenye uzito unaokadiriwa kuwa takribani tani 16, kiligongana na Dunia, tunasema kilianguka. Kwa mawe ya namna hiyo tungehitaji nomino inayotokana na -gonga pekee, lakini nafasi ambayo ingekuwa yake, mgongo, imekaliwa zamani na kiungo cha mwili. Ugongaji unawezekana, ingawa unanukia maabara. Pigo ni zuri zaidi. Kwa miili inayokaribiana ukubwa, kwa upande mwingine, mgongano ni neno hasa linalotakiwa, wala halihitaji kivumishi zaidi ya "mkubwa". Ila litumike kwa tukio tu, si kwa matokeo.

Matokeo yanahitaji vitenzi vyake. Mwili mkubwa ukipokea maada yote ya mdogo, napendekeza -meza, ambacho wasomaji watakielewa bila maelezo na ambacho kinahifadhi tofauti ya ukubwa. -Ungana kibaki kwa miili iliyo karibu sawa. Mgongano ukimwondolea mwili mkubwa maada zaidi ya ile anayoipokea, -momonyoa kinatosha, kwa kuwa mmomonyoko wa udongo umekwisha kutuzoesha kupotea kwa tabaka la juu. Kwa mgongano unaoacha kipande kikubwa kuliko vyote kikiwa na nusu au chini ya nusu ya tungamo lote, -sambaratika ndicho kitenzi. Tahadhari: "kuharibiwa" hakifai hapa, maana hakisemi kama vipande vilibaki au la, na hilo ndilo hasa mtafiti analopima.

Kipo kisa cha ule mwili unaopita. Wataalamu wameuazima msemo wa ajali za barabarani, nasi tunao wetu: kugonga na kukimbia. Nadhani tusiuchukue mzima. Dereva anayekimbia anakwepa lawama na hataki kurudi. Mwili wa angani, kinyume chake, mara nyingi hubaki katika mzunguko unaoikata njia ya sayari ile ile, na unaweza kurudi kuigonga tena baada ya maelfu mengi ya miaka. Kugonga na kupita ni kwa haki zaidi. Wapo wanaoandika "kukwaruzana", lakini neno hilo ni jepesi mno kwa tukio linaloweza kuuvua mwili mdogo sehemu kubwa ya tabaka lake la mawe na kuuacha na kiini cha chuma.

Mtafsiri asidhani kwamba tofauti hizi ni za kupamba. Chukua Utaridi. Kiini cha chuma cha Dunia ni takribani theluthi moja ya tungamo lake. Cha Utaridi ni takribani asilimia 70. Maelezo mojawapo ni kwamba Utaridi ulimomonyolewa: mwili mwingine uliugonga kwa kasi kubwa na kuliondoa tabaka lake la mawe. Maelezo mengine ni kwamba Utaridi wenyewe ndio uliogonga sayari kubwa na kupita. Katika simulizi la kwanza Utaridi ni mtendwa, katika la pili ni mtendaji. Anayeandika "Utaridi uligongana na sayari nyingine" ameyafuta mabishano yote kwa herufi mbili za kiambishi.

Kisa cha Mwezi kinajulikana zaidi. Wazo kwamba ulitokana na mgongano lilitolewa na William Hartmann na Donald Davis mwaka 1975, na Alastair Cameron na William Ward mwaka 1976. Mwili uliogonga umepewa jina la Theia, ambaye katika hadithi za Wagiriki ni mama wa Selene, mungu wa Mwezi. Mwaka 2001 Robin Canup na Asphaug walionyesha kwa uigaji kwamba mwili wenye ukubwa wa Mirihi, ukigonga kwa pembe ya karibu nyuzi 45, huweza kuacha kuizunguka Dunia maada ya kutosha kuumba Mwezi wenye chuma kidogo. Tatizo ni kwamba katika uigaji huo sehemu kubwa ya maada hiyo hutoka kwa Theia, ilhali mawe yaliyoletwa na safari za Apollo yana isotopu za oksijeni zinazofanana mno na za Dunia. Mwaka 2012 yalitolewa mapendekezo kadhaa ya kulitatua: Matija Ćuk na Sarah Stewart waliigonga Dunia inayozunguka kwa kasi sana kwa mwili mdogo; Canup alitumia miili miwili iliyo karibu sawa. Mwaka 2017 Simon Lock na Stewart waliongeza neno jipya, sinestia, kwa ajili ya wingu kubwa la mwamba uliogeuka mvuke, linalozunguka likiwa na umbo la andazi lililobonyezwa katikati. Neno hilo limeundwa kutokana na kiambishi cha Kigiriki chenye maana ya "pamoja" na Hestia, mungu wa meko. Kulitohoa kunatosha.

Neno linalonisumbua kuliko yote ni dogo: chembe. Njia iliyotumika sana katika hesabu za aina ya pili ilibuniwa mwaka 1977 na Leon Lucy, na kando yake Robert Gingold na Joe Monaghan, kwa ajili ya kuchunguza nyota. Mwili hugawanywa katika sehemu nyingi. Kila sehemu ina tungamo, kasi na joto lake, na kompyuta hukokotoa jinsi inavyovutwa na nyingine zote na kusukumwa na jirani zake. Sehemu hizo huitwa chembe. Msomaji wa Kiswahili anaposikia chembe hufikiria mchanga, au vumbi. Ligawanye lakini tufe la Dunia katika sehemu 100,000: kila moja itakuwa na upana wa zaidi ya kilomita 200. Ukitumia milioni 100, bado kila moja ina kilomita 22 hivi. Chochote kilicho kidogo kuliko hapo hakionekani katika uigaji, wala hakimo. Ndiyo maana idadi ya chembe hutajwa katika kila makala ya kitaalamu, na ndiyo maana inafaa kuandika "chembe za hesabu" angalau mara ya kwanza, ili mtu asidhani kuwa kompyuta imeyahesabu mawe.

Modeli na uigaji nazo zitenganishwe. Modeli ni mkusanyiko wa milinganyo na dhana. Uigaji ni kuiendesha modeli hiyo kwa hali fulani ya mwanzo, na kila uendeshaji ni jaribio la uigaji. Uigizaji uachiwe jukwaa. Hata hivyo, -iga kina udhaifu wake: anayeiga amemwona anayemwiga, na mgongano wa Theia hakuna aliyeuona.

Udhaifu huo unaweza kufidiwa na viambishi vya njeo. Maandishi ya fani hii huwa na tabaka tatu za wakati. Alichokifanya mtafiti kilitokea kweli, nacho huchukua -li-: walitumia, walibadilisha pembe. Kinachotokea ndani ya kompyuta hurudiwa kila inapoendeshwa kwa hali ile ile, nacho huchukua hu-, kikitanguliwa na -ki- ya sharti: ikigonga, huyeyuka. Kilichotokea Dunia ilipokuwa changa kinadaiwa tu, na -li- yake isisimame peke yake. Mfano: "Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham na wenzao walitumia hadi chembe za hesabu milioni 100 hivi. Katika baadhi ya majaribio yao, Theia ikigonga kwa pembe na kasi fulani, mwili unaofanana na Mwezi hujikusanya na kuingia katika mzunguko ndani ya saa chache. Huenda Mwezi wetu uliundwa hivyo." Andika "ilipogonga" mahali pa "ikigonga", na jaribio limegeuka kuwa historia. Na hiyo "huenda" ya mwisho, kwa anayependa kuchimba, nayo ni hu- ile ile iliyokaa mbele ya -enda hadi ikasahaulika kuwa ni kitenzi.