Waya uliopindwa na kompyuta

Mkazi wa Ruangwa au wa vijiji vya Nachingwea aliye mbali na mnara wa redio anaifahamu kazi hii. Anaunga waya kwenye antena, anaupandisha mwembeni, anaukunja, anausogeza, huku mwenzake aliye ndani akipiga kelele: "Hapo hapo, usiuguse!"

Wataalamu wa NASA, shirika la anga la Marekani, waliipa kompyuta kazi ya namna hiyo katika kituo chao cha Ames, California. Haikuambiwa antena nzuri ina sura gani. Ilibuni ovyo maumbo mengi ya waya, ikapiga hesabu kila moja lingerusha mawimbi vipi, kisha ikayapa alama. Yaliyoshindwa yakatupwa. Yaliyofaulu yakachanganywa, yakabadilishwa kidogo, yakapimwa tena, kizazi baada ya kizazi. Ndivyo mkulima afanyavyo anapochagua mahindi yaliyojaa vizuri na kuyaning'iniza juu ya moshi jikoni yawe mbegu ya msimu ujao. Ila yeye husubiri mvua mwaka mzima.

Antena iliyopatikana ni kichekesho kuitazama: vipande vichache vya waya vilivyopindapinda, kana kwamba vimekanyagwa na gari. Lakini Machi 2006 ilirushwa angani na setilaiti tatu ndogo za ST5, ikafanya kazi.

Kabla ya hapo palitokea jambo ambalo kwangu ndilo kubwa. Njia ya setilaiti hizo kuizunguka dunia ilibadilishwa, na antena ya kwanza, bingwa wa jana, haikufaa tena. Wataalamu wakabadilisha masharti ya kutoa alama, na katika wiki chache kompyuta ikaleta umbo jingine.

Mashine, basi, hutafuta kile tu ilichoambiwa kuwa ni kizuri. Nachingwea inaujua uchungu wa kipimo kibaya. Mwaka 1946 ujumbe wa Uingereza ulizunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa tu, ukapendekeza mashamba makubwa ya karanga. Kilichopimwa ni haja ya Waingereza ya mafuta ya kula. Udongo na mvua za huku havikupewa uzito. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Mbegu ya karanga iitwayo Nachingwea 2009 ilitoka kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, ambako mbegu hujaribiwa kwanza mashambani.

Siku mtu akitaka kompyuta imbunie antena ya Ruangwa, itabidi kwanza aiambie vilima viko wapi, mnara uko upande gani, na waya dukani unauzwa shilingi ngapi.