Golemu na Herufi ya Alif

Mtu asiye na rai yake, avutwaye huku na huku na mwenziwe, twamwita karagosi. Neno hili asili yake ni la Kituruki. Karagöz ni jina la mchezo wa vivuli: sura za watu zilizokatwa katika ngozi, zikachezeshwa nyuma ya shuka huku taa ikiwaka. Ukichezwa hasa nyusiku za Ramadhani. Hata kabla ya Waturuki kusifika nao, katika karne ya 13, Ibn Daniyal, tabibu wa macho aliyetoka Mosul akakaa Cairo, alitunga michezo mitatu ya vivuli ambayo ingali ikisomwa.

Nayataja haya kwa sababu nina hadithi moja ningependa vijana wetu wa Lamu waicheze kwa karagosi. Nayo ni hadithi ya Mayahudi.

Mjini Prague aliishi mwanachuoni wao, Judah Loew ben Bezalel, aliyefariki mwaka 1609. Yeye ni mtu wa tarikhi, na kaburi lake lipo. Hadithi alivishwa baadaye. Yasimuliwa kwamba watu wake walizuliwa kuwa huua watoto wa Kikristo wapate damu, uzushi ulioleta mauaji mengi Ulaya. Basi akenda mtoni, akafinyanga mtu wa udongo, golemu, awalinde. Wengine husema alimtia kinywani karatasi yenye jina la Mungu. Wengine, kwamba golemu huandikwa kipajini herufi tatu: alefu, mem na tav.

Msomaji aliyepita chuoni ameshazitambua: ni alif, mim na ta. Kwa Kiebrania ni emet, yaani kweli. Ifute alif, yasalia met, amekufa. Nasi twasema maiti.

Golemu akalinda mtaa, akateka maji, akapasua kuni. Usemi hakuwa nao. Siku moja nguvu zikamzidi, akawa avunja kila kilicho mbele yake, hata aliyemfanya akalazimika kumrudisha udongo.

Prague ni mji wa karagosi wa mti wenye nyuzi, na mwaka 2016 UNESCO iliutia ufundi huo wa Wacheki na Waslovakia katika orodha ya turathi za utamaduni zisizoshikika. Hadithi hii yafaa sana kuchezwa hivyo. Binadamu akimwigiza golemu, pumzi zake humfichua. Karagosi hana pumzi. Na mtazamaji auona uzi, auona na mkono.

Wako watakaouliza juu ya masanamu. Hukumu ni ya wanavyuoni, simtangulii mtu. Lakini kivuli cha ngozi kina historia ndefu katika miji ya Kiislamu. Na hadithi yenyewe yasema lile tulijualo: binadamu aweza kufinyanga udongo, roho hana. Nabii Isa alipofanya ndege wa udongo, aliruka kwa idhini ya Mwenyezi Mungu.

Ama kwamba ni ya Mayahudi, visa vya Yusufu na Ayubu tumevitungia tendi, na masimulizi ya Bani Israili wanavyuoni wetu waliyapa jina, Israiliyat, wakayapima.

Wala karagosi si wageni Kenya. Katika miaka ya 1990 walifundisha watu juu ya ukimwi. Tangu mwaka 2009 kipindi cha XYZ kiliwacheka wakubwa kwenye televisheni.

Kwa nini Lamu? Kwa sababu jambo la mlinzi twalijua. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani. Mwezi uliofuata ikawekwa amri ya kutotoka usiku, na mvuvi wa usiku akafungiwa bahari yake. Ulinzi ni haja, hakuna abishaye. Lakini nguvu isiyo na sikio haimjui mwizi wala mwenye nyumba, na aliyeitengeneza ndiye wa kuulizwa. Neno hilo zito hadharani. Karagosi aweza kulibeba.

Vifaa tunavyo: ngozi za mbuzi, mikono ya mafundi wa nakshi, na uwanja mbele ya Ngome. Malenga atasimulia kwa bahari ya utendi, golemu akae kimya. Mwisho mkono utokee kwenye shuka, uifute alif. Watoto wataisoma wenyewe herufi iliyopungua.