Kifafa cha mimba: baba na mtoto nao wamo

Mwaka 1998 watafiti wa Norway walipekua kumbukumbu za uzazi za nchi yao wakakuta jambo ambalo mawifi na mama wakwe wengi wasingelitarajia. Mwanamume ambaye mwenzi wake aliwahi kupata presha ya kupanda na protini kwenye mkojo akiwa mjamzito, hali inayotangulia kifafa cha mimba, akizaa na mwanamke mwingine, huyo wa pili naye alikuwa na hatari ya hali hiyo karibu mara 1.8 ya kawaida, hata kama hajawahi kuugua hivyo. Mwanamume mwenyewe haugui chochote. Lakini kuna kitu anakiacha.

Anakiacha kwenye kondo la nyuma. Tumezoea kulihesabu kondo kuwa kiungo cha mama, kumbe linajengwa na chembe za mimba yenyewe, na nusu ya jeni zake zimetoka kwa baba. Kazi yake ya mwanzo ni kujichimbia kwenye mji wa mimba na kuipanua mishipa ya damu ya mama ili mtoto alishwe. Kazi hiyo isipokwenda sawa, kondo hukosa damu ya kutosha na kumwaga kwa wingi protini iitwayo sFlt-1.

Ubaya wa protini hiyo uko hivi. Kuta za mishipa ya damu hutunzwa na vichocheo vya ukuaji, vikiwemo VEGF na PlGF, na hiki cha pili hutengenezwa kwa wingi na kondo lenyewe. Vichocheo hivyo hufanya kazi vikijishika kwenye vipokezi vilivyo juu ya chembe za mishipa. sFlt-1 ni kipokezi cha aina hiyohiyo, ila hakina mzizi: kinaelea kwenye damu na kuvinasa vichocheo njiani. Mishipa ya mama ikivikosa hubana, figo huanza kuvujisha protini, na mambo yakizidi ini na ubongo hudhurika. Ndipo huja degedege ambalo mitaani bado wapo wanaoliita jini.

Walioifungua siri hii mwaka 2003 ni Ananth Karumanchi na wenzake mjini Boston, Marekani. Waliwadunga panya wajawazito sFlt-1, na panya wakapata presha, protini kwenye mkojo na madhara ya figo yaleyale ya binadamu. Ushahidi mwingine umetoka kwenye wodi za saratani: wagonjwa wanaopewa dawa za kuzuia VEGF, wanaume kwa wanawake, wengine hupanda presha na kuvujisha protini vivyo hivyo.

Jeni inayotengeneza protini hiyo, FLT1, iko kwenye kromosomu ya 13. Mama aliyebeba mimba yenye kromosomu ya 13 tatu badala ya mbili huwa kwenye hatari kubwa zaidi ya maradhi haya. Mwaka 2017 utafiti mkubwa ulilinganisha jeni za watoto 4,380 waliotokana na mimba zenye maradhi haya na za watu wengine zaidi ya 310,000, ukakuta tofauti ndogo ya kurithi karibu na jeni hiyohiyo. Walipimwa watoto, si mama zao. Hata hivyo tusilikuze jambo: tofauti hiyo huongeza hatari kidogo tu, na wengi walio nayo huzaliwa bila tatizo lolote. Mtu akitaka kukuuzia kipimo cha jeni kwa ajili hii, tunza pesa zako.

Kwetu jeni hii ina kisa kingine, tena cha Muheza mkoani Tanga. Huko vimelea vya malaria hujificha ndani ya kondo, hasa kwa mwanamke mwenye mimba ya kwanza, na kwa wasichana wenye mimba hiyo ya kwanza malaria ya kondo ilionekana kuandamana na presha na sFlt-1 nyingi. Mwaka 2008 watafiti waliofanya kazi huko, akiwemo Theonest Mutabingwa, walichapisha ushahidi kwamba aina za FLT1 walizozaliwa nazo watoto wa kwanza hazikugawanyika sawasawa kati ya misimu ya malaria. Yaani inaelekea malaria ilikuwa ikichagua watoto wa kunusurika wangali tumboni.

Faida ya haraka ya elimu hii iko kwenye damu ya mama. Uingereza hupima PlGF kwa wajawazito wanaoshukiwa kuwa na tatizo, maana ikishuka mno hatari i karibu. Zahanati zetu nyingi zinategemea mashine ya presha na kijiti cha mkojo, ambavyo vikiwepo na vikitumika huokoa maisha. Dawa ya kuzuia degedege, magnesiamu salfeti, ni ya bei nafuu, na mwaka 2002 jaribio la wanawake wapatao 10,000 lilionyesha kuwa hupunguza hatari hiyo kwa zaidi ya nusu.

Kwenye kinga, Dar es Salaam imetoa mchango wake. Mwongozo wa kimataifa ulitaka wajawazito wasiopata kalsiamu ya kutosha kwenye chakula wanywe miligramu 1,500 hadi 2,000 kwa siku, vidonge vikubwa vya kumezwa kwa awamu tatu. Majaribio mawili yaliyofanyika hapo na nchini India, matokeo yakatoka Januari 2024, yalikuta kwamba katika kuzuia maradhi haya miligramu 500 hazikuwa duni kuliko 1,500. Kidonge kimoja kwa siku, kwa bei pungufu, na chenye nafuu kwa mwanamke ambaye tayari anatapika kila asubuhi.