Sokwe wa Ukumbini na Chokaa ya Koru

Kuna kichezeo cha bati kilichoanza kuuzwa Marekani mwaka 1916, na watu wa mitandaoni bado wanakipenda hadi leo. Ni sokwe aliyevalia nguo za kibwana, miguu imepanuka, mikono imeshikana mbele yake ikiacha kidirisha kidogo katikati. Miguu husogea juu ya mstari wa namba, 1 hadi 12. Weka mguu mmoja kwenye 6 na wa pili kwenye 9, na kidirisha cha mikono kitatua palepale penye 54. Anajua jedwali lote la kuzidisha, na hajawahi kukosea kwa zaidi ya miaka mia moja.

Ramani yake inapatikana bure mtandaoni, kwa hiyo nilichapisha, nikaibandika kwenye kadibodi ya sanduku la sabuni, nikafunga maungo kwa vipini vya karatasi. Mpwa wangu wa gredi ya nne alijaribu 7 na 8, akaona 56, akaniangalia. "Mjomba, amejuaje?"

Ni swali linalostahili jibu la taratibu. Sokwe hahesabu. Ncha za miguu miwili na ile mikono siku zote hufanya pembetatu ya umbo lilelile. Ukipanua miguu, pembetatu inakua na mikono inapanda. Ukiisogeza miguu yote upande wa kulia, mikono nayo inafuata kulia. Kwa hiyo kila jozi ya namba ina mahali pake ambapo mikono itasimama, na jozi nyingine haiwezi kufika hapo. Aliyebuni kichezeo alichofanya ni kuandika jibu mahali hapo. Kwa kuwa miguu miwili haiwezi kukanyaga namba moja, baada ya 12 aliweka alama ya mraba: mguu mmoja kwenye 8, mwingine kwenye mraba, unapata 64. Jozi za namba tofauti ni 66, za mraba ni 12, jumla majibu 78 yamepangwa kwa mistari inayopungua kadiri unavyopanda. Mtoto akishaelewa hivyo, uchawi unaisha na furaha inaongezeka.

Kichezeo hicho kinaitwa Consul. Na jina hilo ndilo lililonipeleka Muhoroni, mji wa miwa magharibi mwa Kenya.

Mwisho wa karne ya 19, Consul lilikuwa jina la kazi kwa sokwe wa maonyesho, kama vile ng'ombe wengi huku kwetu wanavyoitwa kwa rangi zao. Sokwe wa kwanza kuvuma kwa jina hilo aliwekwa katika bustani ya wanyama ya Belle Vue, Manchester, mwaka 1893. Alivalishwa koti, akafundishwa kuvuta sigara, watu wakalipa kiingilio kumtazama. Alikufa mwaka uliofuata. Mshairi wa mji huo, Ben Brierley, alimtungia shairi la maombolezo, na ndani yake akauliza kiko wapi kile kiungo kinachomuunganisha sokwe na binadamu. Kisha akaja Consul mwingine, na mwingine tena. Mwaka 1903 kulikuwa na Consul katika ukumbi wa Folies Bergère, Paris. London nako palikuwa na Consul katika bustani ya wanyama, akiendesha baiskeli na kuvuta sigara.

Sitaki tucheke kupita kiasi. Hao walikuwa wanyama wa misitu ya Afrika, waliochukuliwa wakiwa wachanga na kupelekwa kwenye baridi, na umaarufu wao haukuwaongezea hata siku moja ya kuishi. Lakini ili uelewe kilichotokea Koru, lazima ujue kwamba kwa mtu aliyekulia Uingereza miaka ile, neno Consul lilileta kichwani sokwe kabla ya kuleta balozi.

Koru ni kituo kinachofuata ukitoka Muhoroni kwa reli kuelekea Nakuru. Kwa Wakenya wengi jina hilo lina uzito: ndiko lilikokuwa shamba la Dk Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje aliyeuawa Februari 1990, na habari hizo hazijasahaulika. Lakini miaka zaidi ya 60 kabla ya hapo, katikati ya miaka ya 1920, mlowezi mmoja, Dk H. L. Gordon, aliona mifupa ndani ya mawe ya chokaa ya Koru. Aliipeleka kwenye makumbusho ya viumbe London. Mtaalamu wa huko, Arthur Tindell Hopwood, alipoisafisha aliona taya lenye meno yanayofanana mno na ya sokwe. Mwaka 1931 alikuja mwenyewe Afrika Mashariki, wakati wa safari ya mtafiti wa visukuku Louis Leakey, akafika Koru na kupata vipande zaidi.

Mwaka 1933 akatangaza majina. Mmoja wa viumbe hao alimwita Limnopithecus legetet, kwa heshima ya kilima cha Legetet kilichopo palepale Koru. Mwingine akamwita Xenopithecus koruensis, yaani wa Koru. Wa tatu, aliyemwona kuwa babu wa sokwe wa leo, akamwita Proconsul africanus. Maana yake ni aliyemtangulia Consul. Yule mvuta sigara wa baiskeli akapewa babu, na babu huyo ni mtu wa Muhoroni.

Utani huo una tabaka la pili. Katika dola ya Roma, prokonsuli kilikuwa cheo cha gavana wa jimbo, na Afrika ilikuwa mojawapo ya majimbo yaliyotawaliwa na maprokonsuli. Aliyesoma Kilatini shuleni akisikia Proconsul africanus anamwona gavana amevaa joho, na hapohapo anamwona sokwe juu ya baiskeli.

Katika majina hayo matatu, mawili yalitoka kwenye ardhi ya Koru na moja kwenye ukumbi wa burudani. Lililoshika ni la ukumbini. Sidhani ni kwa bahati. Jina linalochekesha hukaa kichwani bila kulazimishwa, kama jina la utani la shuleni linavyomfuata mtu hadi uzeeni huku lile la cheti limesahaulika. Na jina hili lilibeba dai zima la kisayansi kwa neno moja: huyu ni wa kabla, yule ni wa baada.

Dai lenyewe halikusimama. Mawe ya Koru na ya Songhor iliyo jirani yana umri wa takriban miaka milioni 19 hadi 20, wakati ambapo ukoo wa sokwe na ukoo wa binadamu zilikuwa bado hazijagawanyika. Kwa hiyo Proconsul hawezi kuwa babu wa sokwe peke yake. Wataalamu wa leo wanamweka karibu na shina la mti mzima, ule uliotoa masokwe, gorila na sisi. Ukitaka kusema kwa lugha ya nyumbani, Hopwood alidhani amepata babu wa jirani, kumbe alikuwa amegusa mlango wa boma zima.

Sasa, kwa nini Muhoroni? Misitu ya kale ilienea sehemu nyingi za Afrika, na wanyama walikufa kila mahali. Tatizo ni kwamba udongo wa msituni una asidi, na asidi hula mfupa. Huku jirani, volkano ya Tinderet ilirusha majivu ya aina adimu, yaliyojaa chokaa. Majivu hayo yalifunika mifupa, chokaa ikaituliza ile asidi, meno na mataya yakageuka jiwe badala ya kuoza. Chokaa hiyo hiyo bado inachimbwa na kuchomwa Koru. Na chokaa ndiyo viwanda vya sukari huitumia kusafisha juisi ya miwa kabla ya kuichemsha, kwa kazi ileile ya kupunguza asidi. Miwani walianza kusaga miwa mwaka 1922, Muhoroni na Chemelil wakafuata miaka ya 1960, na kila kijiko cha sukari kilichotoka ukanda huu kimepita kwenye chokaa. Nikiwa na haja ya kumweleza mtu wa Muhoroni kisukuku kinahifadhiwaje, nitaanzia kiwandani. Nusu ya somo tayari analijua.

Umaarufu mkubwa wa Proconsul, hata hivyo, ulikwenda kisiwa cha Rusinga, katika Ziwa Victoria. Mwaka 1948 Mary Leakey, mke wa Louis, aliokota huko sehemu kubwa ya fuvu la sokwe wa kale, magazeti ya dunia yakalichapisha, na kwa miongo kadhaa ukisema Proconsul watu waliwaza Rusinga. Vitabu vya shule viliandika hivyo. Muhoroni ikabaki kama mzazi ambaye mwanawe amepata jina mjini.

Mambo yaligeuka mwaka 2015. Watafiti walilinganisha upya meno na mataya, wakaona sokwe wa Rusinga na wa kisiwa jirani cha Mfangano wanatofautiana na wale wa Koru na Songhor kiasi cha kustahili jina lao. Wakawaita Ekembo, neno la Kisuba. Aina mojawapo ni Ekembo heseloni, na hapo limehifadhiwa jina la Heselon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi ya kuchimba na akina Leakey kwa miaka mingi. Nalipenda sana jina hilo: lugha ya wenyeji wa kisiwa na Mkenya aliyeshika sululu, wote katika maneno mawili.

Miongoni mwa waliobaki na jina la Proconsul ni Proconsul africanus wa Koru, Proconsul major wa Songhor aliyekuwa mkubwa zaidi, na Proconsul meswae aliyetangazwa mwaka 2009 kutoka Daraja la Meswa, karibu na Muhoroni, ambaye ni wa kale kuliko hao wawili. Major amepatikana Uganda pia. Lakini kitovu cha jina kiko hapa, umbali wa safari ya bodaboda kutoka stesheni ya Muhoroni. Utani wa Hopwood umerudi ulikozaliwa.

Kwa anayetafuta matembezi ya Jumamosi tofauti na samaki wa ufukweni Kisumu, njia ni nyepesi. Kutoka Kisumu unashika barabara ya Mamboleo, unapita Miwani na Chemelil katikati ya miwa, trela za trekta zimejaa hadi zinamwaga njiani, na ukuta wa milima ya Nandi unakusindikiza kushoto. Songhor iko chini ya milima hiyo, mpakani mwa Kisumu na Nandi. Koru iko mbele ya Muhoroni, na mawe yake meupe yanaonekana ukiwa mbali. Usitarajie fuvu ndani ya kioo. Ni nyasi, mawe, upepo, na vipande vidogo vinavyong'aa kama meno kwa sababu vingine ni meno kweli.

Nitamchukua mpwa wangu likizo ijayo, na kile kichezeo cha kadibodi nitakitia mkobani. Nawe ukienda, beba maji na kofia, omba ruhusa kwa mwenye shamba kabla ya kuruka ua, na ukiona jino ndani ya jiwe liache palepale. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inakataza kuliondoa, na jino lililotolewa mahali pake haliwezi tena kumwambia mtaalamu lina umri gani. Lipige picha, weka alama ya mahali, uwaarifu watu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.