Mto Mmoja, Shingo Mbili

Mnalala kitanda kimoja, sawa. Lakini nani aliwaambia mnahitaji mto wa aina moja? Kabla hujamlaumu mwenzako kwa kununa asubuhi, hebu kagua kwanza mnachoweka chini ya kichwa.

Mpenzi msomaji, ndoa yangu ilikuwa na miezi minane tu nilipoanza kumpa mume wangu mgongo usiku. Wala haikuwa hasira. Shingo ilikuwa haigeuki upande wake.

Tulikuwa tumehamia Bariadi kikazi, nyumba ya kupanga, na vyombo vyenyewe ndiyo vile vya kicheni pati. Kati ya zawadi kulikuwa na mito miwili ya sponji, minene kama tofali, imevalishwa foronya zilizodariziwa maua na maneno "Usiku Mwema". Kuitazama, ilipendeza. Kuilalia sasa, jamani! Kila asubuhi niliamka shingo imekaza, kichwa kinagonga, na salamu ya mwenzangu naijibu kwa mkato. Yeye na mabega yake mapana alikuwa analala fofofo kwenye mto wa aina ileile.

Nikaanza kuusukuma mto pembeni na kulalia kanga niliyoikunja, huko ukingoni mwa kitanda. Usiku mmoja akaniuliza, "Mke wangu, nimekukosea nini?" Nikamwambia hajanikosea kitu. Hakuniamini, na ningekuwa yeye nami nisingeamini. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tulikilalia wote wawili, na bado hakuna aliyejua kinachomng'ata mwenzake.

Pamba nje, sponji ndani

Kichekesho ni kwamba tulikuwa tunaishi katikati ya pamba. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, ni kati ya mikoa inayoongoza kwa zao hilo Tanzania. Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, kote huko pamba ndiyo ada ya shule na bati la nyumba. Msimu wa ununuzi ukifunguliwa, malori yanapita yamefura mzigo mweupe. Lakini sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii husafirishwa nje ikiwa ghafi, nasi tunaingia dukani kununua sponji.

Jumamosi moja nikaenda kwa mama mmoja fundi anayeshona mito. Nikamsalimu, "Mwangaluka, mama." Akaitikia, lakini hakuniuliza nataka kitambaa cha rangi gani. Aliuliza, "Mwanangu, unalalaje?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanisimamisha nimeegemea ukuta, akapitisha kiganja nyuma ya shingo yangu. "Nafasi hii ndiyo mto wako. Haya, mwenzako naye analalaje?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kazi ya mto si kuinua kichwa. Ni kujaza nafasi iliyobaki kati ya shingo na godoro, ili kichwa kikae kwenye mstari mmoja na uti wa mgongo. Na nafasi hiyo haifanani kwa watu wawili.

Wewe unalalaje?

Kwa ubavu. Nafasi ya kujaza ni upana wa bega lako lote. Unahitaji mto mnene na mgumu kiasi, usiobonyea ukafika chini. Mume wangu yuko kundi hili.

Chali. Mto wa wastani. Ukilala ukaona kidevu kinasogea kifuani, mto umezidi. Huyu ndiye mimi.

Kifudifudi. Mto mwembamba kabisa, au usiwepo. Mlalo huu unaisokota shingo upande mmoja usiku kucha, hivyo jizoeze taratibu kulala ubavu.

Angalia na godoro. Likiwa laini, mwili unazama na nafasi inapungua, kwa hiyo mto nao upungue. Ukibadilisha godoro, usishangae mto wa zamani ukakukataa.

Mama mjamzito, hasa miezi ya mwisho, alale ubavu na aweke mto wa pili katikati ya magoti. Kiuno kitashukuru. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hahitaji mto kabisa, hata ule mdogo mzuri wa zawadi. Unaweza kumziba pumzi.

Kipimo cha wapendanao ni hiki: lala kama kawaida yako, mwenzako akutazame kwa nyuma. Ukilala ubavu, shingo na mgongo vifuate mstari mmoja ulionyooka. Kichwa kikining'inia chini au kikibinuka juu, mto haukufai, hata ungekuwa wa bei mbaya.

Ndani kuna nini?

Pamba inapitisha hewa na kunyonya jasho, raha tupu kwa joto letu. Ubaya wake, inashikana mabonge na inachelewa kukauka. Ukiagiza kwa fundi, sisitiza pamba nyuzi, yaani iliyokwisha kutolewa mbegu kiwandani. Usijaze ile ya moja kwa moja kutoka shambani. Mbegu zinachoma kichwa na zinaita panya.

Sufi, ile ya mti wa msufi, ni nyepesi na hainyonyi maji upesi. Lakini inadidimia, na vumbi lake linasumbua wenye pumu wakati wa kushona. Pia inashika moto haraka, kwa hiyo mshumaa ukae mbali.

Sponji inashika umbo na haina mabonge, ila inatunza joto. Nyepesi sana inabonyea mapema, hivyo ibonyeze kwa kiganja dukani uone inarudi vipi.

Poliesta ni laini na inafulika, lakini inalegea mapema kuliko unavyotarajia.

Mto nao unataka matunzo

Kila usiku unauachia mto jasho, mafuta ya nywele na vijipande vya ngozi. Hicho ndicho chakula cha wadudu wadogo wa vumbi, wasioonekana kwa macho, ambao kinyesi chao huamsha mafua, chafya na pumu. Ongeza vumbi la kiangazi la Bariadi, halafu ujiulize kwa nini mnapiga chafya kwa zamu asubuhi.

• Fua foronya kila wiki, kwa maji ya moto ikiwa kitambaa kinaruhusu. Kuwa na jozi mbili.
• Shonea mto foronya ya ndani yenye zipu. Ni rahisi kufua kitambaa kuliko mto mzima.
• Umepaka mafuta au dawa ya nywele? Funga kitambaa kichwani.
• Mto wa pamba au sufi utoe juani, uupige na kuugeuza. Ukishika mabonge, fumua mshono, ichambue pamba kwa vidole, ianike, kisha shona tena.
• Sponji ianikwe kivulini penye upepo. Jua kali linaifanya iwe njano na kumeguka.
• Mto wa poliesta unafulika, lakini ukauke hadi ndani. Unyevu ukibaki, ukungu unaingia.

Unataka kujua kama mto wa poliesta umekufa? Ukunje katikati, kisha uachie. Ukibaki umejikunja, mzike kwa heshima.

Mto si daktari

Tusidanganyane. Ganzi au udhaifu wa mkono, maumivu yaliyoanza baada ya ajali, au shingo iliyokaza pamoja na homa, hayo ni ya hospitali, tena haraka. Na mwenzako akikoroma huku pumzi ikikatika na kurudi kwa kushtuka, usinunue mto wa tatu. Mpeleke akapimwe.

Kwangu mimi, fundi alinishonea mto wa pamba, mwembamba hadi nikadhani kaniibia. Mume wangu alibaki na tofali lake. Juu tukavalisha foronya zilezile za "Usiku Mwema", mgeni akichungulia anaona pea. Siku chache baadaye shingo ikaanza kulegea. Nikamweleza mwenzangu habari yote, kuanzia kanga hadi kiganja cha yule mama. Akanyamaza, kisha akasema, "Miezi yote hiyo nilidhani umenichoka."

Hicho ndicho kilichoniuma kuliko shingo. Nilikuwa na maumivu ya kuponywa na mto tu, nikayanyamazia hadi yakataka kugeuka kuwa ugomvi wa ndoa. Kwa hiyo leo usiku, kabla ya kuzima taa, muulize wako swali la yule fundi: unalalaje? Halafu umsikilize hadi mwisho.

Lala salama.