Mchoraji wa Maua na Siku ya Mawingu

Watu wengi hudhani kwamba mchoraji wa maua hutamani jua kali. Sivyo. Jua husogea, na vivuli husogea pamoja nalo. Jani lililong'aa asubuhi huwa kivulini adhuhuri. Lakini siku ya mawingu nuru huenea sawasawa, vivuli huwa laini, na wekundu wa waridi haugeuki upesi.

Nuru tulivu ya namna hiyo yaonekana katika picha za Henri Fantin-Latour, Mfaransa aliyeishi tangu mwaka 1836 hata 1904. Majira ya joto alikaa kijijini Buré, katika Normandy, akichuma maua bustanini na kuyachora kwa rangi za mafuta. Picha hizo ziliuzwa sana Uingereza, zikampatia riziki.

Rangi za mafuta hukauka polepole, hata alichopaka mtu leo aweza kukirekebisha kesho. Ua, hata hivyo, halingoji: waridi lililochumwa hupukutika baada ya siku chache. Basi mawingu humfaa mchoraji kama yamfaavyo mkulima apandikizaye miche: humpa nafasi ya kutenda kazi yake kabla ya kitu kilicho hai kunyauka.