Je, Wajua? Mkate wa Askari Mzee Hulipwa na Nani

Je, wajua kwamba katikati ya London kuna makao ya wazee ambayo tajiri hawezi kununua nafasi hata akimwaga fedha mezani? Sharti la kwanza ni kuwa umewahi kulitumikia jeshi. Makao hayo ni Royal Hospital Chelsea. Mfalme Charles II aliyaanzisha mwaka 1682, ramani ikachorwa na Christopher Wren, yule yule wa kanisa la St Paul's, na wazee wa kwanza wakahamia mwaka 1692. Hadi leo wanaishi humo wapatao 300. Anayekubaliwa huiachia taasisi pensheni yake ya jeshi, naye hupewa chumba, chakula, matibabu na lile koti jekundu ambalo watalii hawachoki kulipiga picha.

Kila mwaka, karibu na tarehe 29 Mei, sanamu ya mfalme huyo iliyopakwa dhahabu hufunikwa matawi ya mwaloni, na kila mzee huvaa kitawi kifuani. Sababu ni kwamba mwaka 1651, baada ya kushindwa vitani Worcester, Charles alijificha juu ya mti wa mwaloni huku askari wa adui wakimsaka. Ikikaribia Krismasi huletwa jibini la zawadi, na mzee mmoja hulikata kwa upanga. Kwa nini upanga, na visu vimejaa jikoni? Ukimaliza miaka yako jeshini, nadhani una haki ya kukata jibini utakavyo.

Wanawake walianza kupewa vyumba Chelsea mwaka 2009 tu. Lakini makaburi ya mahali hapo yalikuwa yameshampokea mwanamke kabla yao. Hannah Snell alijifanya mwanamume, akajiita James Gray, akaingia kikosi cha wanamaji na kujeruhiwa katika mapigano ya Pondicherry, India, mwaka 1748. Aliporudi akafichua siri yake, na badala ya kuadhibiwa akapewa pensheni na Chelsea. Alifariki mwaka 1792 akazikwa hapo hapo. Mwanamke wa kwanza kupewa kitanda alimfuata baada ya miaka 217.

Mambo ya jibini na majani yanapendeza. Mimi linalonivutia zaidi ni daftari la hesabu. Je, wajua nani aligharamia shukrani hiyo ya mfalme? Kwa sehemu kubwa, askari wenyewe. Mishahara yao ilikatwa ili kuendesha makao ya Chelsea, wakiwa bado vijana wenye meno yote. Paris ilikuwa karibu vile vile. Mfalme Louis XIV aliamuru mwaka 1670 yajengwe makao ya Les Invalides, nayo yakategemea makato katika fedha za vita. Tena wakazi hawakuachwa wakae bure: walioweza walishona viatu, walifuma mapazia ya ukutani na kunakili vitabu.

Serikali ya Ufaransa nayo ilikuja kupata malipo ya ajabu kwa makato hayo. Asubuhi ya tarehe 14 Julai 1789, Mapinduzi ya Ufaransa yakianza, umati ulivamia Les Invalides kutafuta bunduki. Inasimuliwa kwamba wazee wa humo walikuwa wameagizwa waziharibu mapema zisiweze kutumika, wakafanya kazi hiyo taratibu mno, saa sita kwa bunduki ishirini hivi. Umati ukaondoka na bunduki maelfu kwa maelfu, ukaelekea ngome ya Bastille kutafuta baruti. Na walinzi wa Bastille walikuwa akina nani? Askari wazee na walemavu wapatao 80, wa kundi hilo hilo la Invalides, pamoja na Waswisi 32. Siku moja, wazee wa jeshi moja, pande mbili za historia. Makao hayo bado yanalea majeruhi na wastaafu wa vita hadi leo, hatua chache kutoka kaburi la Napoleon.

Washington ilifungua ya kwake mwaka 1851, kwa fedha ambazo Jenerali Winfield Scott alizitoza mji wa Mexico baada ya kuuteka. Baadaye makato ya mishahara ya askari yakawa nguzo ya makao hayo. Rais Abraham Lincoln alihamia kwenye nyumba moja ya eneo hilo majira ya joto ya miaka ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, 1862 hadi 1864, akawa mpangaji jirani na wazee.

Na huku kwetu? Askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza Afrika Mashariki, waliopigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia walirudi bila makao kama hayo. Walipewa kiinua mgongo, nacho kilipangwa kwa rangi ya ngozi: Mzungu wa cheo kile kile alihesabiwa karibu mara tatu ya Mwafrika. Mwaka 2018 Uingereza ilitangaza karibu pauni milioni 12 za kuwasaidia wakongwe wa Jumuiya ya Madola na wajane wao, lengo likiwa wapate angalau milo miwili kwa siku. Miaka 73 baada ya vita! Waliosubiri hadi hapo walikuwa wachache.

Wajerumani nao walichelewa, ila kisa chao kina utamu. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi huko Bonn lilikubali kuwalipa askari wa Tanganyika waliopigana chini ya kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mhasibu alifungua ofisi Mwanza, wakaja wazee wapatao 350. Wengi hawakuwa na karatasi yoyote. Inasimuliwa kwamba afisa akampa kila mmoja fagio, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Wazee wakasimama wima, wakaweka fagio begani kama bunduki, wakageuka kushoto na kulia. Hakuna aliyekosea.

Si kila ofisi itakubali fagio. Msomaji, kama nyumbani kwenu kuna nishani, cheti cha utumishi au picha ya babu akiwa na sare, usikubali imfuate muuza vyuma chakavu. Andika nyuma yake jina, kikosi na mwaka, na kama mzee bado yupo, mwulize leo.